Kaunta Buku ya Mbwa

Kiroba kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani na kuachwa mlangoni mwa duka usiku. Nilipofika asubuhi kufungua, kilikuwa kinatembea. Kilishasogea kama hatua mbili kutoka kizingitini, kinaelekea mtaroni, na ndani yake zilitoka sauti kama za bawaba isiyotiwa mafuta. Ilikuwa Julai 2007, katikati ya ile baridi ya Sumbawanga ambayo mtu wa Dar es Salaam akisimuliwa anadhani unatia chumvi. Nilikuwa na siku tisa tu kazini. Nikakimbia kumwita Mzee.

Mzee alikuwa bwana mifugo mstaafu. Ujana wake aliumalizia kwenye nyanda za Ufipa, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki ya serikali, leo Laela, kesho Matai, wiki ijayo Namanyere, akichanja ng'ombe na kugombana na watu wasiotaka kuogesha. Alipostaafu akafungua duka la dawa za mifugo mjini. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote, mama akaniombea kazi kwake: kupima dawa, kufagia, kubeba. Habari za uwanja wa nyuma, uliozungushiwa mabanzi, hakuniambia siku ya kwanza. Nilizisikia mwenyewe, kwa kubwekewa. Hapakuwa na kibao wala usajili. Watu walijua tu kwamba mbwa aliyekosa pa kwenda hupelekwa kwa Mzee: wenye nyumba wamehamia Mpanda, au jike limezaa tena, au mtumishi amepata uhamisho na lori limejaa.

Alifungua ile kamba, akatoa watoto wa mbwa watano, mmoja mmoja, kiganja chini ya tumbo, akawapanga juu ya gunia karibu na jiko la mkaa. Nikadhani ataniagiza maziwa. Akasema, "Lete ile kaunta buku."

Ilikuwa ya kwaya mbili, jalada limeliwa pembe, imepigiwa mistari kwa rula kurasa zote. Kila mbwa na mstari wake. Jina. Alikotoka. Anakulaje. Mlango ukigongwa anafanyaje. Kuku akipita anafanyaje. Anaogopa nini. Safu ya mwisho kabisa, nyembamba, iliandikwa: Anayepika. Hiyo sikuielewa. Nikadhani ni mambo ya zamu pale uwanjani, nani asonge ugali wa mbwa siku gani. Nilikuja kuielewa mwezi wa tisa, na aliyelipia somo hilo ni mtoto wa watu.

Anayetaka mbwa Sumbawanga, na nadhani Tanzania nzima, huja na maneno matatu: dume, mweusi, mkali. Nyuma ya maneno hayo kuna hofu ya wezi, na huku kwetu ipo hofu nyingine isiyotajwa kaunta. Jina la mji wenyewe watu hulitafsiri kuwa "tupa uchawi", na mkazi wa mji wenye jina hilo anataka mbwa anayeona usiku. Tumekua tukiambiwa kwamba ukijipaka tongo za mbwa machoni utawaona wanaotembea saa nane za usiku. Mteja mmoja, mtu mzima wa kuheshimika, alizunguka uwanja mzima akiwamulika mbwa machoni kwa tochi, mchana kweupe. Mzee akamwambia taratibu, "Mwenzangu, hapa tunatoa mbwa. Macho uje nayo mwenyewe."

Halafu kuna majina. Mbwa wengi walitufikia na majina ya ugomvi: Wivu, Majungu, Mtanikoma. Unajua mwenyewe, jina la mbwa kwetu mara nyingi ni barua kwa jirani. Ukisimama uani saa moja jioni ukaita "Majungu! Majungu, njoo ule!", aliyekusudiwa anasikia na ugomvi unaendelea bila mtu kutukanwa. Mzee aliyafuta yote. Alisema mbwa aliyeitwa kwa hasira miaka miwili amejifunza kwamba likitajwa jina lake kuna ubaya unakuja, na mbwa wa namna hiyo ukimwita anajikunyata badala ya kuja. Aliwapa majina ya tabia zao. Katika wale watano wa kiroba mmoja aliitwa Karani kwa sababu alikagua kila ndoo, mwingine Zege kwa sababu alikaa pale ulipomweka, na mdogo kuliko wote, jike la rangi ya majivu, akaitwa Pole.

Kazi yake hiyo aliiita ushenga. "Mimi sigawi mbwa," alikuwa akisema, "mimi natafutia watu wachumba." Na kwa kuwa kulikuwa na posa, kulikuwa na mahari: kilo tano za pumba na gharama ya sindano ya kichaa. Hakuna aliyeondoka na mbwa wa bure, hata padri.

Mbwa mgeni hakuandikwa tabia siku ya kwanza. Jina, alikotoka, basi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mzee aliufuata usemi huo neno kwa neno. Alisema siku ya kwanza huoni mbwa, unaona woga wake: mkali ananywea, mpole anaweza kutaka kukutoa roho. Kuanzia siku ya tatu ndipo alipovuta kigoda, akakaa karibu na banda kama mtu asiye na kazi. Alitazama asubuhi, akatazama mchana wateja wakiwa wengi, akarudi usiku, hasa usiku umeme ulipokatika, maana umeme wetu ulitoka Zambia na ulikuwa na desturi zake. Gizani mbwa hujulikana. Wapo waliobwekea kila jani, na wapo waliokuja kukaa karibu na mguu wako kimya wakasikiliza pamoja nawe.

Kipimo kimoja alinionyesha kwa karibu na hadi leo sijaona cha kukishinda. Kulikuwa na dume jeusi, limejengeka kifua, umri kama miaka miwili, tukimwita Komando. Kila mteja alimwona yeye kwanza. Mzee akasonga ugali wa dona, akamimina mchuzi wa dagaa juu, akaweka karai chini. Komando akaanza kula kwa pupa, kichwa chote karaini. Mzee akachukua mpini wa ufagio aliokuwa ameuvalisha soksi ya sufi, akausogeza polepole hadi karibu na karai, kama mkono wa mtu.

"Tazama, usitazame meno," akaninong'oneza.

Komando aliacha kutafuna. Hakuondoa mdomo kwenye chakula, hakunguruma. Mwili wake wote ulikaza kama kamba ya kuanikia nguo, mkia ukasimama bila kutikisika, jicho likaja upande wetu huku kichwa kikibaki pale pale, tukaona weupe wa jicho umechora mwezi mwembamba. Kisha, ghafla kuliko kufumba na kufumbua, soksi haikuwepo.

"Umeona? Anayenguruma ni muungwana, amekuonya," Mzee alisema akiuokota mpini. "Huyu onyo lake ni kunyamaza. Mtu mzima analiona. Mtoto halioni." Akaandika kwenye safu ya tatu, kwa ule mwandiko wake wa kiofisi: *Anakula kama aliyewahi kunyang'anywa. Asiende penye watoto.*

Mwezi wa tisa Mzee akaenda msibani Chala, siku nne, akaniachia duka. Siku ya pili akaja mfanyabiashara wa mahindi na pikapu, mtu wa kuvaa saa. Dume, mweusi, mkali. Akamwona Komando, Komando akamrukia kwenye wavu, yule bwana akacheka kwa furaha kama aliyeonyeshwa mtoto wake. Nikamwambia kuna utaratibu, Mzee hayupo. Akatoa noti ya shilingi 10,000 akaiweka juu ya kaunta, akasema, "Kijana, wewe si ndiye unayeendesha hapa?" Hilo swali ndilo lililoniuza, wala si ile noti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kuniuliza kama naendesha chochote. Nikampakia Komando kwenye pikapu. Kwenye kaunta buku niliandika jina la mchukuaji na tarehe. Safu ya mwisho nikaiacha wazi.

Siku sita baadaye akaja msichana wa kazi wa nyumba ile, miguu pekupeku, anahema. Mtoto wa miaka minne ameng'atwa mkono. Alikuwa anamrudishia mbwa mfupa ulioangukia nje ya karai. Nimelitafakari hilo mara nyingi: mtoto alikuwa anafanya wema.

Tulimkuta mkono umepakwa mafuta ya taa na majivu. Mzee hakumsalimu mtu. Akaomba sabuni ya mche na maji, akauweka ule mkono chini ya mrija wa ndoo, akaosha, akaosha, mtoto akilia, mama akilia, Mzee akitazama saa yake ya mkononi hadi ilipotimia robo saa. Ndivyo inavyotakiwa, na ndicho kitu ambacho ningependa kila mzazi anayesoma hapa akikumbuke hata akisahau mengine yote: jeraha la mbwa ni sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano, maana kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mtoto alichomwa sindano zote. Gharama alitoa Mzee. Komando alifungwa peke yake, akaangaliwa siku kumi, kwa sababu mbwa anayeng'ata akiwa na kichaa hapitishi siku hizo kabla ya kuugua au kufa. Hakuugua. Hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa ule ulioandikwa safu ya tatu.

Mzee hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alinipa kaunta buku akaniambia nisome mstari wa Komando kwa sauti, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri dawa ya minyoo. Nikasoma. Nilipofika safu ya mwisho nikanyamaza. Akanipa kalamu. "Andika: hakuulizwa."

Hapo ndipo aliponifafanulia. Anayekuja kuchukua mbwa, alisema, karibu kila mara ni baba. Anayesonga ugali wa mbwa karibu kila mara si baba. Ni mke, au binti wa kazi, au bibi, au mtoto wa shule anayechukia kuamshwa. Yule bwana alitaka mbwa mkali, sawa, lakini mbwa hakwenda kuishi naye. Alikwenda kuishi na msichana wa miaka kumi na nne ambaye hakuulizwa, aliyemwogopa tangu pikapu lilipoingia, akawa anamsukumia karai kwa fimbo na kukimbia. Kila mlo kwa Komando ukawa ugomvi. Mbwa ni wa anayempikia. Baba ana hati ya kiwanja tu.

Tangu siku hiyo sharti likawa moja na halikuvunjwa: anayepika aje mwenyewe, aingie uwanjani, amtazame mbwa na mbwa amtazame. Wanaume walicheka. Wengine waliudhika wakaondoka, Mzee akawaaga vizuri. Nikaona mambo ambayo sikuyatarajia. Mume anaonyesha kidole dume kubwa, mke kimya, macho yake yako kwenye jike lililolala pembeni. Bibi anasema hataki mbwa kabisa, kisha dakika kumi baadaye amekaa kwenye kigoda na kijibwa kiko kwenye pindo la kitenge chake. Kuna familia moja ya Kiislamu, wenye duka la vyombo, walitaka mbwa wa ulinzi. Kwa ulinzi dini haiwakatazi, ila mama mwenye nyumba alikuwa na wasiwasi na mate ya mbwa na swala zake. Mzee alimsikiliza yeye, si mumewe. Wakakubaliana: banda karibu na geti, vyombo vyake pekee, na kijana wa dukani ndiye atakayepika na kulisha. Basi aliyekuja kuchagua ni kijana wa dukani. Alimchagua Zege, na Zege alikaa pale getini miaka na miaka bila kuusogelea ukumbi, kwa sababu Zege, kama nilivyosema, alikaa unapomweka.

Na Komando? Wenye mahindi walitaka auawe, na siwalaumu. Mzee aliomba apewe wiki. Akamwendea mlinzi wa ghala moja la nafaka, mzee mjane aliyelala pale pale ghalani na kujipikia mwenyewe kwenye mafiga matatu. Yule mlinzi alikuja, akakaa mbali, akamtazama Komando akila bila kumsogelea, kwa muda mrefu sana. Kisha akasema, "Huyu ana adabu kuliko nyie mnavyosema. Anataka asisumbuliwe akila. Hata mimi." Wakaondoka pamoja kwa miguu. Nilipita pale mara nyingi jioni: mlinzi upande huu wa moto na sufuria yake, Komando upande ule na karai lake, kila mmoja kampa mwenzake mgongo. Tangu hapo hawakuuma mtu, yeyote kati yao.

Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kusomea diploma ya mifugo na nikapata intaneti, ndipo nilipojua kwamba kazi ya Mzee duniani ina majengo na bajeti. London kulikuwa na Mary Tealby aliyefungua nyumba ya mbwa waliopotea mwaka 1860, ndiyo ile inayojulikana leo kwa jina la Battersea. Marekani, shirika la ASPCA, lililoanzishwa New York mwaka 1866, lilitunga mpango ambao mbwa walipimwa na kupewa rangi, kijani au chungwa au zambarau, na aliyetaka mbwa alijaza dodoso kuhusu maisha yake kisha naye alipewa rangi. Wenye rangi moja ndio waliokutanishwa. Nilicheka peke yangu maktabani. Kaunta buku ile ile, imepakwa rangi. Ila kwenye maswali yao sikuona nani anapika, na nikaelewa sababu: kule chakula cha mbwa kinatoka kwenye mfuko. Nani amimine ni jambo dogo. Kwetu mtu anaamka, anawasha moto, anakoroga, na kila siku moyo wake unapika pamoja na ugali.

Kuna na wale wanaoamini kwamba ukipata mbwa wa kizungu, hasa yule tunayemwita mbwa wa polisi, umemaliza kazi ya kuchagua. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya habari za mbwa zaidi ya 18,000, na kuonyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Iliyobaki inatoka kwingine. Mzee angefurahi kuusoma, ingawa angesema kwa nini wamehangaika namna hiyo, wangekaa kwenye kigoda.

Lakini lililonigusa zaidi liko jirani, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Baada ya vita vya waasi wa Kony, shirika la The BIG FIX Uganda lilianzisha mradi wa kuwapa mbwa watu walioumizwa na vita: waliotekwa, waliolazimishwa kuua, wasiolala usiku. Mbwa ni hawa hawa koko wa mitaani, wanatibiwa, wanachanjwa, wanahasiwa, wanatazamwa tabia, kisha anatafutwa wa kumfaa mtu huyu na si yule, na wawili hao wanafunzwa pamoja. Aliyeuongoza, Francis Okello Oloya, alipoteza macho akiwa na miaka 12, bomu lililofukiwa ardhini lilipolipuka akilima. Fikiria: mtu asiyeona ndiye aliyekaa na watu wasiolala, akitafuta mbwa gani atamfaa nani. Nilipoisoma habari hiyo niliona kama nimewahi kuwepo. Kule hawatafuti mbwa mkali. Mtu anayeota bunduki hahitaji kitu cha kumshtua. Anahitaji mnyama atakayeamka naye saa tisa usiku na kurudi kulala naye.

Pole alikuwa mbwa wa namna hiyo. Hakuna aliyemtaka. Jike, kijivu, habweki. Kwenye kaunta buku aliandikiwa: *Habweki ovyo. Akibweka, toka ukaangalie.* Alimaliza miezi minane uwanjani akiwaona wenzake wakiposwa. Kisha akaja mama mmoja mjane aliyepika kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, nyumbani kwake. Alikuja mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuja, na alikwishatuambia shida yake kabla hajakaa: mbwa aliyekuwa naye alifukuza wateja. Kilabu haikai na mbwa mkali. Alihitaji anayevumilia miguu ishirini ikiingia na kutoka, nyimbo, magomvi ya kusukumana, na bado ajue wa mwisho ameondoka saa ngapi. Mzee hakufungua hata daftari. Alikwenda moja kwa moja banda la mwisho.

Kwa mjane yule Pole alifanya kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Kulikuwa na babu mmoja, mteja wa kila siku, ambaye akinywa alipotea njia ya nyumbani ingawa nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa pili. Pole alianza kumsindikiza. Babu akiinuka, jike linainuka, linatangulia hatua chache, linasimama, linamsubiri, hadi mlangoni kwake. Kisha linarudi kwa mwendo wake ule wa pole. Mke wa babu akawa anamwekea kipande cha ugali kizingitini. Sijui kama hapo Pole alikuwa na nyumba moja au mbili.

Nisije nikamfanya Mzee malaika. Alikosea, na kosa moja lilimkaa. Karani, yule mkaguzi, alikua mbwa wa mifugo hasa: anatembea nyuma ya kundi, hakimbizi ndama, anahesabu. Akaja mfugaji wa Kisukuma kutoka bondeni, na mkewe, wakapendana na mbwa pale pale, safu zote zikajazwa bila wasiwasi. Karani akateremshwa mteremko wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Rukwa, chini ya kwetu kwa karibu mita 1,000, kwenye joto na mbung'o ambao ngozi ya mbwa wa nyanda za juu haijawahi kukutana nao. Baada ya miezi mitatu yule mfugaji akamrudisha mwenyewe, juu ya basi, ndani ya tenga. Amekonda, na macho yake yote mawili yameingia ukungu mweupe kama maji ya mchele. Ilikuwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mzee aliyetibu ng'ombe wa nagana maisha yake yote alimchoma sindano kwa mkono uliokuwa ukitetemeka. Karani alikufa siku ya tano. Kwenye mstari wake Mzee aliongeza: *Tabia ilifaa, nchi haikufaa. Kosa langu.* Tangu hapo waliotaka mbwa wa bondeni aliwaelekeza watafute huko huko bondeni, mbwa aliyezaliwa na mbung'o na kuishi. Na wale waliotaka mbwa wa kwenda naye porini, kule kwenye Pori la Akiba Uwanda, aliwaambia hana, hata kama uwanja umejaa.

Mzee alifariki mwaka 2015, mwezi ule ule wa baridi. Duka liliuzwa, mabanzi yakawa kuni. Kaunta buku alinipa mimi miaka miwili kabla, bila hotuba, imefungwa kwenye gazeti pamoja na ile soksi iliyochanika. Nimehesabu mistari: mbwa 212. Wengine wamekatwa kwa mstari mwekundu, waliokufa. Ukurasa ule wa Komando umechakaa kuliko mingine kwa sababu ndio ninaoufungua mara nyingi.

Jike langu limezaa tena, nilichelewa kulihasi, kosa ni langu. Wamebaki watatu, wana miezi mitatu na wamechanjwa juzi. Wa kwanza anaiba viatu lakini hali mpaka uwepo. Wa pili anaogopa radi, asiende nyumba ya bati tupu isiyo na dari. Wa tatu, jike, bado sijamwelewa, nipeni wiki moja ya kigoda. Mahari ni kilo tano za pumba. Anayemtaka mmoja wao anikute hapa Sumbawanga jioni yoyote, na aje na anayepika.